Nilivyomsaidia Kaka Kukumbuka

Kaka yangu hajawahi kuwa kichaa. Naanza na hilo kwa sababu shuleni, nikitaja tu bangi, wenzangu wa bwenini wanadhani nitawasimulia habari za mtu anayetembea uchi sokoni na kugombana na nguzo. Kaka yangu anaoga, anavaa shati, anaamkia wakubwa, anacheka mahali pa kucheka. Ukikutana naye njiani kwa dakika tano hutaona kitu. Mpaka uishi naye nyumba moja, umtume, umngoje, ndipo utajua kuna kitu kimemtoka polepole. Na sisi tulikuwepo kikitoka.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu halitoki mpaka mwalimu anahamia kwa mwingine. Kwa hiyo naandika. Haya nilikuwa nimeyaandika vipande vipande kwenye daftari la mazoezi, likizo baada ya likizo, na sasa nayaunganisha kwa sababu nimechoka kuyaficha.

Kwetu ni upande wa Sibwesa, huko Mpanda. Watu wa huko wanalima mahindi na karanga, nasi tulilima, lakini nyumba yetu ilijulikana kwa asali. Baba alikuwa na mizinga arobaini na mitatu msituni. Zamani tulikaa karibu nayo, nyumba tatu tu: yetu, ya baba mdogo, na ya mzee mmoja jirani, naye mrina asali, rafiki wa baba tangu ujana. Mwaka wa sabini na nne tukahamishiwa kijijini. Nyumba zikapangwa mistari miwili kando ya barabara, na mizinga ikabaki kule kule ilikokuwa, mwendo wa siku mbili.

Mizinga haina ramani. Imetundikwa juu ya miti, mmoja hapa, mwingine nusu saa mbele, na miti ya msitu ule inafanana kama kuku weupe. Baba aliipata mingine kwa babu, mingine aliichonga mwenyewe, na namna ya kuipitia yote aliishika kichwani kama watu wanavyoshika sala. Sisi tuliiita njia. Mtoto wa kiume alifundishwa njia kwa kuisema kwa sauti, jioni, wakati ugali unasongwa, na haruhusiwi kupanda mti hata mmoja mpaka aiseme yote bila kukwama. Inaanzia kambini. Vuka mbuga asubuhi, jua likiwa bega la kulia, mti wa mtundu uliopinda, wa kwanza. Kichuguu kilichofukuliwa na mhanga, shika kushoto, mninga wenye kovu la radi, wa pili. Jiwe lenye maji juu yake, usilipite, mkurungu uko nyuma yake, wa tatu. Hivyo hivyo mpaka arobaini na tatu. Ukikosea mahali, unarudi kambini unaanza upya.

Kaka alianza kufundishwa akiwa na miaka tisa, akaimaliza kwa wiki mbili. Nakumbuka baba alimwambia aiseme kutoka mwisho kwenda mwanzo, akidhani atamshinda. Kaka akaisema, tonge mdomoni, na mama akamgombeza kwa kuongea anakula. Mwaka ule ule katekista wa kigango chetu alimpa maswali ya katekisimu ayasome kwa mwezi mmoja. Jumapili ya pili alikuwa anayajibu yote, na katekista alipojaribu kumtega kwa kuruka kurasa, kaka akamwambia, "Samahani mwalimu, umeruka matatu." Darasani, kwenye hesabu za kichwa, mkono wake ulikuwa juu kabla mwalimu hajamaliza kusoma swali. Mimi nilikuwa madarasa mawili nyuma yake. Walimu hawakunijua kwa jina, walinijua kama mdogo wake yule.

Njia niliijua bila kufundishwa. Kila jioni nilikuwa hapo hapo jikoni nabangua karanga, masikio yako wazi. Wanawake wa kwetu hawaendi msitu wa asali, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninaijua, na mimi sikusema.

Alipofika miaka kumi na miwili walimchukua kwenda kurina kwa mara ya kwanza, baba, baba mdogo na yeye. Yaliyotokea kule alinisimulia mwenyewe aliporudi. Mti wa kwanza alipanda vizuri, ila nyuki mmoja akamchoma kwenye kope, akashuka anatetemeka mwili mzima, akakataa kurudi juu. Baba mdogo akatoa kiko chake.

"Vuta kidogo," akamwambia. "Nyuki hawampendi mtu anayetetemeka."

Baba akasema, "Huyo bado mdogo."

"Mdogo vipi, na mti ameshaupanda? Ataogopa mpaka lini, kaka?"

Baba akanyamaza. Nyumbani kwetu baba akinyamaza ni kwamba amekubali. Kaka akavuta, akakohoa mpaka machozi, akavuta tena, kisha akapanda na kurina mizinga minne kama mtu anayechuma mapera. Waliporudi kijijini hadithi ilikuwa hiyo moja. Mama alimchinjia jogoo. Mimi niliona wivu, sikula vizuri.

Sitaki nionekane namlaumu baba mdogo peke yake. Kule porini bangi haikuwa kitu cha ajabu. Warina asali walivuta wakipanda miti mirefu, walivuta wakilala njaa kambini, na waliorudi walikuwa na akili zao. Tulichojua sisi ni kwamba ikimzidi mtu atakuwa kichaa, na asipokuwa kichaa basi haikumfanya kitu. Kwamba kuna jambo katikati ya hayo mawili, hatukujua hata kuuliza.

Basi ikawa kila safari ya msituni anapewa. Halafu ikawa hata bila safari. Alipata wenzake hapa kijijini, wavulana wa rika lake, wakawa wanakaa nyuma ya banda la kukaushia tumbaku baada ya shule. Akiwa na miaka kumi na minne alikuwa anavuta kila siku kama wengine wanavyokunywa uji.

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Mama alimtuma kwa jirani akalete chumvi na kaa la moto. Akarudi na chumvi, akasimama.

"Na moto?"

"Moto gani, mama?"

Tukacheka wote, naye akacheka. Alianza kusimulia jambo, akafika katikati, akatutazama: "Nilikuwa nasema nini vile?" Tukacheka tena. Ikawa ndiyo tabia yake, tukamzoea nayo. Shuleni hawakucheka. Mwalimu wa hesabu alisema amekuwa mvivu na mwenye dharau, na kwa kuwa aliwahi kuwa wa kwanza alichapwa kuliko wale ambao hawakuwahi kujua kitu. Yeye hakuwa mvivu. Nilimwona anakaa na daftari saa nzima kwenye hesabu moja. Alikuwa anasoma mstari wa kwanza, anausoma wa pili, na akifika wa tatu wa kwanza umeshamtoka. Hakufaulu darasa la saba. Miaka miwili baadaye nilifaulu mimi, msichana peke yangu katika shule yetu mwaka ule, nikapelekwa sekondari ya bweni, mbali, kwa treni. Watu walipokuja kumpongeza baba, kaka ndiye aliyekuwa anawakaribisha viti.

Sasa niandike lile langu.

Macho ya baba yalianza kuingia ukungu nikiwa darasa la sita. Aliona mwanga na vivuli, sura hakuziona mpaka umsogelee. Alijua hatapanda miti tena, kwa hiyo akazidi kumkazania kaka. Jioni moja kaka alikuwa anasema njia kama kawaida, akafika wa kumi na tisa, akakwama. Baba akangoja. Nilimwona kaka anatafuta, macho yanazunguka darini kama vile imeandikwa pale. Mimi nilikuwa nimekaa mbele yake na ungo wangu wa karanga. Nikachezesha midomo bila sauti: mgunga, palipokufa twiga. Akaona, akasema kwa sauti, akaendelea. Baba akaitika, "Ehee."

Ndivyo ilivyoanza. Kesho yake nikamsaidia pawili. Hatukuwahi kupanga wala kuongea juu yake. Akitoka porini alikuwa ananiletea matunda ya mbula kwenye kofia, ananiwekea kando ya jiwe la kusagia, anaondoka. Nilifurahi sana. Mimi ambaye sikuweza kujibu swali darasani nilikuwa naongea kwa mdomo wa mtu mwingine na hakuna anayejua. Kila niliporudi likizo nilikuta mapengo yameongezeka. Kidato cha pili nilikuwa naisema njia nzima, yeye anaipa sauti tu.

Na mimi niliwahi kuvuta. Likizo yangu ya kwanza nilimwomba kaka anionjeshe, nikitaka kujua anakokwenda. Tulikaa nyuma ya ghala la mahindi. Nilicheka bila sababu, mikono ikawa mizito, jioni ikawa ndefu mno, nikalala. Asubuhi nikaamka, nikajipima: miezi yote kwa Kiingereza, mito ya Tanzania, njia yote ya baba. Vyote vilikuwepo. Nikajiambia kumbe si kitu. Nilijipima kwa siku moja jambo ambalo yeye alilifanya kwa miaka.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa biolojia, mama mmoja mpole. Kumuuliza kwa mdomo nisingeweza. Nikaandika swali kwenye kikaratasi nikalitia ndani ya daftari la kusahihishwa: mtu akianza bangi akiwa mdogo, anaweza kupungua akili bila kuwa kichaa? Daftari lilirudi na maandishi ya wino mwekundu chini ya kazi yangu. Aliandika kwamba vitabu alivyo navyo havisemi mengi, lakini kichwa cha mtoto bado kinajengwa, na amefundisha wavulana kadhaa walioanza mapema. Hawakuwa vichaa, ila hawakuwa tena wale aliowafahamu. Akaandika: mzuie ukiweza. Na chini kabisa: ni nani?

Nikamjibu: jirani.

Likizo ya mwezi wa sita mwaka jana nilikuta mambo yamebana. Baba mdogo, ambaye siku zote ndiye aliyeongozana na kaka msituni, alikuwa ameanguka na kuvunjika kifundo cha mguu. Baba macho ndiyo hivyo. Msimu umefika na mizinga imejaa. Baba akasema kaka ataenda peke yake na baiskeli, kwanza aseme njia.

Mchana wake kaka alinifuata mtoni nachota maji. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ana ndevu.

"Mdogo wangu, jioni usiniache."

"Kaka, utaenda peke yako. Sitakuwepo kule."

"Nikifika nitakumbuka. Miguu inajua."

Nilitaka kuamini kwamba miguu inajua. Nilijiambia kwamba akiutazama mti wenyewe utamkumbusha. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa uso wa baba. Alikuwa amemweleza kila mtu kwamba mwanawe anashika njia. Jioni nikakaa mahali pangu na ungo wangu, nikachezesha midomo mara arobaini na tatu. Baba akasema, "Nenda, mwanangu. Uende salama."

Alirudi siku ya kumi na moja, baiskeli ina madebe manne yamejaa. Watoto walimpokea barabarani. Mama alilia kwa furaha, akasema sasa mzee wake atapumzika. Baba akaletewa bakuli, akachovya kidole, akaramba. Akachovya tena.

"Hii asali ya kijitoni," akasema.

Mrina asali wa siku nyingi anajua kwa ulimi maua ya wapi. Njia ya baba ilikuwa ya nchi kavu. Iliyofuata kijito ilikuwa ya mzee jirani. Njia hizo mbili zilikutana mahali pamoja tu, kwenye mikola pacha, miti miwili iliyoota pamoja, mzinga wa kumi na moja. Hapo baba anashika kushoto, mzee jirani anashika kulia.

"Kwenye mikola pacha ulishika wapi?"

Kaka akanitazama. Nikachezesha midomo.

"Kushoto, baba."

Baba akaomba maji. Akaosha kidole.

Wiki iliyofuata mzee jirani alirudi kutoka msituni. Hakuja kwetu kwanza, na hiyo peke yake ilitosha kutuambia. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mizinga yake saba imerinwa, alama zake ziko wazi mlangoni mwa kila mzinga, na chini ya mti mmoja ameokota kamba ya kaka, tunayoijua wote.

Kwetu ukiiba kuku utapigwa na kusamehewa. Ukirina mzinga wa mtu umekwisha. Hakuna atakayeongozana nawe msituni wala kukubali mwanao aoe kwake, na juu ya hayo wangempeleka Mpanda, polisi. Baraza likaitishwa asubuhi ya Jumamosi katika darasa la pili, wazee wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Nilikwenda kumshika baba mkono. Nikakaa ukutani.

Mzee jirani alisimama. "Ndugu mwenyekiti, sitaki kumfunga mtoto wa rafiki yangu. Nimemwona akizaliwa. Nataka kujua jambo moja tu. Alijua au hakujua?"

Kaka akaulizwa. Akaeleza bila woga, kama mtu anayesimulia safari. "Nilipanda wa kwanza, nikaona alama si yetu. Nikasema, huu si wetu, nishuke. Halafu nikafungua."

"Kwa nini ulifungua, na umeshaona si wako?"

Akafikiri. "Nilikuwa nimeshapanda."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu anatuchezea." Mwingine akasema, "Bangi hiyo," na mwingine akamjibu, "Bangi gani, mbona anaongea vizuri tu? Mvuta bangi hatumjui sisi?"

Mwenyekiti naye alikuwa mtoto wa mrina asali. Akasema, "Aseme njia ya baba yake. Akiisema, alijua kulia si kwake, ni mwizi. Akishindwa, alipotea."

Hapo ndipo nilipoelewa: nikimsemea, nimemfunga. Kaka hakuelewa. Aliposikia neno njia alinyooka, akageuka taratibu akanitafuta kwa macho ukutani, akanipata, akatulia kama kawaida yake ya jikoni. Alidhani ni mtihani wa kufaulu.

"Kambini," akaanza. "Vuka mbuga, jua bega la kulia. Mtundu uliopinda. Kichuguu. Mninga wa radi."

Akaningoja. Nilifunga mdomo, nikauma midomo kwa ndani. Alitabasamu kidogo, kunihimiza. Sikumbuki nilikaa hivyo muda gani. Nakumbuka ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki, ba be bi bo bu, na nilikuwa nazisoma.

"Endelea," mwenyekiti akasema.

"Mninga wa radi," kaka akarudia. "Halafu..." Akatazama dari. "Niko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa amegeuza sikio upande wake, uso umekunjamana. "Anaijua," akasema. "Wiki tatu zilizopita ameisema yote mbele yangu. Mwenyekiti, huyu anaijua, anaogopa tu."

Baba hakujua kwamba anamtia kitanzi mwanawe. Ilibidi mtu aseme. Nilisimama.

"Baba, nilikuwa namsemea mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi, baba. Kwa midomo. Ulikuwa hutuoni."

Mwenyekiti akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu darasa la sita. Akasema, haya, sema. Nikaisema mbele ya wanaume wote wale, mtundu, mninga, mkurungu, mpaka mikola pacha, shika kushoto, kulia ni kwa mzee jirani. Mzee jirani akainua mkono. "Inatosha, mwanangu. Imetosha."

Nilimaliza kwa kusema kwamba kaka hawezi kushika mambo matatu kwa pamoja, na si uvivu, na imeanza tangu alipopewa kiko. Nilisema mbele yake, yeye anasikiliza mdomo wazi kidogo, kama anayesikia habari za mtu wa kijiji kingine.

Wakaamua si mwizi. Madebe mawili ambayo yalikuwa hayajauzwa yakarudishwa. Mzee jirani akasema ataipitia na njia ya baba msimu huu, wagawane, na kaka asipande mti tena, asije akasahau kwamba yuko juu. Alilisema kwa huruma, na hilo ndilo lililomuumiza baba kuliko yote. Tukirudi nyumbani baba hakunishika mkono. Alishika fimbo ya baba mdogo, wakaongozana wawili hao, mmoja haoni, mwingine anachechemea.

Baba mdogo alinifuata jikoni baadaye. "Umeniaibisha, mtoto wa kaka. Mimi navuta tangu hujazaliwa, na mizinga yangu naijua yote. Bangi imenifanya nini?"

"Ulianza ukiwa na miaka mingapi, baba mdogo?"

Akahesabu. "Nilikuwa nimeshaoa. Nina mtoto mmoja."

Alisimama pale mlangoni kidogo, halafu akaenda.

Kaka alikuwa uani anaosha baiskeli. Nilimsogelea nikitegemea anitukane.

"Kwa nini hukunisemea?"

"Ningekusemea, wangekuita mwizi."

Akafuta tairi, akarudia kulifuta lile lile. "Mwizi anarudisha mambo yanakwisha," akasema. "Sasa wewe umewaambia mimi sina kichwa. Hicho nani atanirudishia?"

Nilimwomba aache. Aliacha siku nne. Hakula, hakulala, alimfokea mama kwa mara ya kwanza maishani. Katika siku hizo nilijaribu kumrudishia mizinga mitatu ya mwanzo tu. Alitaka, alijitahidi mpaka jasho. Jioni alikuwa nayo, asubuhi haipo. Siku ya tano alinitazama tukiwa tumekaa, akasema, "Mdogo wangu, inachosha," akainuka akaelekea kwenye banda la tumbaku.

Siku ya kuondoka kwangu alijitolea kunibebea sanduku la bati mpaka barabarani kwa baiskeli, mimi nibaki kuaga. Niliaga, nikafika barabarani, hayupo. Lori la Mpanda likaja. Dereva akaniuliza napanda sipandi, nikamwomba angoje, akangoja kidogo, akawasha. Nikapanda. Tulipopita mashamba ya mwisho nilimwona mbali, yuko na wenzake watatu kwenye kivuli, moshi unapanda, amelikalia sanduku langu. Sikuweza kumwambia dereva asimame tena. Kaka aliliona lori. Akasimama akanipungia mikono yote miwili, kwa furaha, mpaka tukakata kona.

Nililala Mpanda mjini, Makanyagio, kwa shangazi, nikapanda treni na nguo niliyovaa. Shuleni matroni aliniuliza mashuka yako wapi, sare iko wapi. Nikamwambia sanduku limeibwa kwenye treni.